Yaya Anajibu: Nguo Zilizowabana Watoto

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: nguo za watoto zilizojaa masanduku. Sishangai. Mvua zinakatika, baridi inakaribia, na kila mama hapa Lubumbashi anafungua sanduku kutafuta sweta, anamvalisha mtoto, mikono inaishia kwenye viwiko. Nilishona Kamalondo miaka mingi kabla ya kuanza kupokea nguo za watoto na kuziuza kwa niaba ya wenyewe, kwa hiyo ninayoyajibu hapa nimeyashika kwa mikono. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

"Yaya, nina watoto watatu. Wa mwisho ametimiza miaka minne, na mimi na baba yao tumekubaliana kwamba tumefika. Nguo zimejaa masanduku mawili, nyingi alizituma dada yangu aliyeko Liège, Ubelgiji. Yeye huko huuza za wanawe kwenye Vinted, soko la mtandaoni la nguo zilizovaliwa: anapiga picha, anatuma kifurushi, pesa inaingia. Ananiambia nifanye hivyo hivyo. Hapa nianzie wapi, na bei niweke gani?" Mama wa watatu, Kampemba.

Mama wa watatu, dada yako hakudanganyi, ila anasimulia nusu ya habari. Vinted ilianzia Vilnius, Lithuania, mwaka 2008, na leo inatumika Ubelgiji, Ufaransa na nchi nyingine nyingi za Ulaya. Kinachoifanya iende si picha. Ni kwamba pesa ya mnunuzi inashikwa katikati. Haimfikii dada yako mpaka mnunuzi apokee mzigo na kusema uko sawa, au siku 2 zipite akiwa kimya. Ada ya ulinzi huo inalipwa na mnunuzi, si muuzaji. Kifurushi nacho kinasafiri kwa posta au kinachukuliwa kwenye kituo cha karibu na nyumbani. Huku kwetu Vinted haifanyi kazi, wala hakuna posta itakayokubishia hodi Kampemba na kifurushi mkononi. Hayo mawili, kushika pesa na kufikisha mzigo, utayafanya mwenyewe, na ndiyo yenye kazi kubwa. Nitayarudia. Kwanza nguo.

Mwaga sanduku zima kwenye mkeka, mchana, penye jua. Taa ya ndani inaficha mengi. Shika kila nguo, ivute lastiki, funga na ufungue zipu, bonyeza vifungo vya chuma kimoja kimoja, tazama magoti, kola na mshono wa kati ya miguu. Nguo za mtoto mchanga ulizozihifadhi safi utazikuta na madoa ya njano kifuani. Usidhani hukuzifua vizuri. Ni mabaki ya maziwa: siku ya kufua hayaonekani, yanabadilika rangi kadiri yanavyokaa. Loweka kwenye maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto huyagandisha maziwa ndani ya nyuzi. Kisha sabuni, kisha anika juani. Doa la utomvu wa ndizi usilipotezee sabuni, hilo halitoki. Nguo hiyo iwe ya kuchezea nyumbani.

Makoti ya kutoka Ulaya yachunguze kofia. Kama kuna kamba inayopita shingoni, ichomoe kabla ya kuuza, hata kama koti ni zuri nayo. Kanuni za Ulaya zenyewe haziruhusu kamba ya kofia au ya shingo kwenye nguo za watoto walio chini ya miaka 7, kwa sababu watoto wamenyongwa nazo kwenye vyombo vya kuchezea na kwenye milango. Makoti ya zamani bado yanatufikia nazo.

Sasa saizi. Usiandike tu kile lebo inachosema. Lebo ya Kifaransa inapoandika miezi 3 inamaanisha mtoto wa urefu wa sentimita 60. Miezi 6 ni 67, miezi 12 ni 74, miezi 18 ni 81, miaka 2 ni 86. Lebo nyingine za Ulaya zinaandika sentimita peke yake: 56, 62, 68, 74, 80, zikiruka sita sita. Mama wa hapa anayekuandikia saa mbili usiku anataka kujua kama suruali itamtosha mwanawe, na mwanawe hakukua kwa kufuata lebo. Chukua utepe wa fundi, pima kutoka kiunoni hadi chini na kutoka kwapa hadi kwapa, andika. Kazi hiyo ya dakika moja itakuondolea maswali kumi.

Kuhusu bei, elewa kwanza kwa nini nguo zingine zinauzika na zingine zinakaa. Mtoto hurefuka kama sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza, kwa hiyo nguo za wiki za mwanzo huwa hazijachoka kabisa. Ni nzuri, lakini kila mama anazo, na kila mama anaziuza. Ukija kwenye umri wa miaka 5 hadi 8 mambo yanageuka: watoto hao wanapiga magoti, wanapanda miembe, wanacheza mpira kwenye changarawe. Suruali ya mvulana wa miaka 6 yenye magoti mazima ni mali. Usiipe bei ya bodi, ile fulana ya mtoto mchanga inayofungwa kati ya miguu. Jezi ya Mazembe ya mtoto, kama nyeupe yake bado ni nyeupe, haichagui msimu wala haikai siku mbili.

Nenda soko la Kenya, hapa hapa mjini, asubuhi, robota zinapofunguliwa, uulize mtumba wa daraja la kwanza wa saizi kama yako unauzwaje. Wewe unaweza kupanda kidogo juu ya bei hiyo, kwa kuwa nguo yako imefuliwa, imepigwa pasi na mnunuzi anaweza kukuuliza ilivaliwa na nani. Ila usivuke nusu ya bei ya mpya butikini. Na usiuze bodi moja moja. Mama anayetafuta nguo anatafuta za kumvusha mtoto msimu mzima, kwa hiyo funga mafurushi ya umri: bodi tano, suruali tatu, sweta moja, kofia. Andika bei moja ya furushi na uache nafasi ndogo ya kupatana. Atadai matabishi, yaani nyongeza ya bure; weka pembeni soksi na vikofia kwa ajili hiyo, ili usije ukapunguza bei kwa uchovu.

Juni na Julai usiku hapa joto hushuka chini ya nyuzi 10. Anayeuza sweta Julai ameshachelewa, kwa sababu akina mama wameshanunua. Zako zitoe sasa.

Picha ipige mlangoni asubuhi, nguo imetandikwa juu ya shuka la rangi moja. Kama kuna doa au kiraka, kipige picha ya karibu na ukitaje katika maneno ya kwanza, kabla ya bei. Hapo sitaki mjadala. Mnunuzi aliyeambiwa doa anapatana nawe. Mnunuzi aliyeligundua nyumbani anakuvunjia jina kanisa zima. Weka kwenye status ya WhatsApp na kwenye vikundi vya akina mama vya Facebook, na umwombe mama mmoja anayekufahamu akusambazie.

Na pesa: ujumbe wa simu unaosema umetumiwa fedha si fedha. Wapo wanaoutunga, wakauandika sawasawa na wa kampuni. Fungua mwenyewe menyu ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money unayotumia, tazama salio, ndipo umkabidhi dereva wa pikipiki furushi. Nauli ya pikipiki ielezwe mapema inalipwa na nani. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza napenda makabidhiano ya ana kwa ana, mchana, mahali penye watu, kama pale posta katikati ya mji, afungue furushi mbele yako na kupekua anavyotaka. Akilipa kwa dola, tazama kingo za noti. Iliyochanika hata kidogo, wewe utakwama nayo.

"Yaya, mke wangu anataka kuuza nguo za watoto wetu kwa watu asiowajua. Mama yangu amekataa kabisa. Anasema nguo ya mtoto imekunywa jasho lake, na ikiangukia mikono mibaya ubaya utamfuata mtoto. Dada yangu naye ana mimba ya miezi saba, amenuna, anasema kwetu nguo hugawiwa, haziuzwi. Mke wangu analia, mama amekataa kula kwetu, na mimi niko katikati." Baba wa Katuba.

Baba, nimeisoma barua yako mara kadhaa, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili na ninyi nyumbani mmeyafunga fundo moja.

La dada yako ni rahisi zaidi, na dada yako ana haki. Wengi wetu tulikua tukivaa nguo za kaka wa binamu, na binamu akavaa za jirani, na hakuna aliyehesabu. Ndivyo familia zilivyolea watoto wengi kwa mshahara mmoja. Mtu mwenye mimba ya miezi saba ndani ya ukoo, halafu anaona nguo za mtoto mchanga kwenye status ya wifi yake zimeandikwa bei, ataumia, na angeumia hata angekuwa tajiri. Kwa hiyo kabla picha yoyote haijapigwa, mke wako amwite, wakae mkekani pamoja, achague. Achague yeye kwanza, vilivyo vizuri, si vilivyobaki. Ukimpa ndugu makombo ya biashara umemtukana.

Lakini baada ya kugawa, kinachobaki ni cha mke wako kukiuza, na asionewe haya kwa hilo na mtu yeyote. Yeye ndiye aliyezifua nguo hizo kwa mikono, akazianika, akazikunja, akazikinga na mende na unyevu. Elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada tangu 2019, lakini viatu, madaftari, shati jeupe na mkoba hajavifuta mtu. Mwanamke anayetoa hayo kwenye sanduku alilokuwa nalo tayari, bila kukopa, anastahili kusifiwa nyumbani kwake. Sema hivyo mbele ya dada yako, kwa sauti yako mwenyewe.

La mama yako lina kina zaidi. Usimcheke, wala usimletee hoja. Hofu yake ni upendo kwa wajukuu, na hofu ya namna hiyo haivunjwi kwa kubishana. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mke wako, kwa kuwa maneno yale yale yakitoka kwa mkamwana yatasikika kama dharau. Muulize ni nguo gani hasa zinamtia hofu. Nimekaa na bibi wengi wenye neno hilo, na karibu wote, wakiulizwa kwa heshima, hutaja chache: ile ambayo mtoto alitoka nayo hospitali, ile ya ubatizo, shuka la kwanza, kitu alichokifuma bibi mwenyewe. Hizo ziwekwe kando, zikabidhiwe kwake azitunze yeye. Zisitoke kamwe.

Zilizobaki zifuliwe, zianikwe, zipigwe pasi, na jina la mtoto lililodariziwa lifumuliwe mpaka uzi wa mwisho. Wapo wazee wanaotulia zaidi wakijua nguo inakwenda kwa mama wa parokia yao wanayemfahamu. Wengine wanataka iende mbali, Likasi au Kolwezi, kwa mtu asiyewajua kabisa. Mama yako ni wa kundi lipi? Muulize, kisha mke wako auze kwa njia hiyo, hata kama itachukua muda. Na akisema hapana kwa zote, mpe muda upite, arudi kula kwenu kwanza. Nguo haziozi kwa miezi mitatu.

Neno moja nalisema kwa wote, si kwako peke yako. Kama ndani ya sanduku kuna nguo za mtoto aliyetangulia kwa Mungu, hizo zisipangwe na nyingine, zisipigwe bei, zisiguswe mpaka mama yake mwenyewe aseme. Asiposema, basi.

"Nilipeleka nguo za binti yangu kwenye duka moja la mjini linalouza kwa niaba. Waliniambia tutagawana nusu kwa nusu. Miezi minne sasa, kila nikienda naambiwa bado. Jumapili nimemwona mtoto wa watu kanisani amevaa gauni lake la dantela, yaani lesi. Nifanyeje?" Mama wa Bel-Air.

Pole sana. Gauni la dantela halifanani na lingine, kwa hiyo najua hukukosea kuliona.

Kabla ya lako, nieleze kwa wengine duka la namna hiyo linavyofanya kazi, kwa sababu hapa kwetu bado ni geni na wengi wanaingia wakiwa gizani. Nguo inabaki mali yako. Duka linaiweka, linaiuza, linakata sehemu yake na kukupa inayobaki. Ulaya na Marekani duka mara nyingi hukata kati ya asilimia 40 na 60, kwa hiyo nusu kwa nusu uliyoambiwa si wizi. Wizi unaingia pasipo karatasi. Ipo pia njia ya pili, ya duka kununua nguo papo hapo kwa fedha taslimu. Once Upon A Child, maduka yaliyoanzia jimbo la Ohio mwaka 1985, yanafanya hivyo: mama anafika na kapu, wanachagua, wanamlipa hapo hapo, anaondoka. Analipwa kidogo kuliko ambavyo angepata akisubiri, lakini kesho hana wa kumfuata. Mimi namshauri mwenye shida ya haraka akubali bei ndogo ya papo hapo. Kusubiri kunafaa kwa nguo chache za thamani, magauni ya sherehe, suti ya komunyo, na kwa mtu ambaye anaweza kusubiri kweli.

Karatasi iwe na nini? Orodha ya nguo moja moja, si "mfuko mmoja wa nguo za msichana". Bei mliyokubaliana kwa kila moja, na bei ya chini kabisa ambayo duka haliruhusiwi kuivuka bila kukupigia simu. Hili la bei ya chini watu wanalisahau, na ndilo linalowaumiza: gauni la faranga 30.000 likiteremshwa hadi 12.000 bila wewe kujua, nusu yako imekuwa 6.000, na nauli ya kwenda na kurudi dukani inaitafuna. Andikeni siku ya malipo kila mwezi, tarehe ya kurudisha visivyouzwa, na nani anabeba hasara nguo ikipotea au ikiliwa na panya. Sahihi mbili, nakala mbili. Duka linalokataa kuandika haya, chukua kapu lako urudi nalo.

Kwako wewe, nenda asubuhi, wateja wachache, na shahidi mmoja mtulivu. Usianze na gauni la kanisani. Anza kwa kuomba urudishiwe nguo zote ambazo hazijauzwa, siku hiyo hiyo. Wakizitoa, zihesabu mbele yao, na zile ambazo hazipo zitakuwa zimejitaja zenyewe kuwa zimeuzwa. Hapo dai nusu yako ya kila moja kwa bei iliyokuwa imebandikwa. Wakikupa sehemu, pokea na uandike kiasi na tarehe. Mama aliyemvalisha mtoto wake gauni hilo usimguse kwa neno lolote. Yeye alinunua dukani kwa haki.

"Mimi ni mwanafunzi, naishi Kasapa. Nataka kuwauzia akina mama nguo za watoto kupitia WhatsApp na kukata kidogo. Mteja mmoja anataka nimpige picha mtoto wake akiwa amevaa, anasema zitauzika haraka. Ni sawa?" Binti wa Kasapa.

Si sawa, binti yangu, hata kama mama ameruhusu. Picha ya mtoto ikishapita kwenye vikundi vitatu huwezi kuirudisha, na hujui iko kwenye simu ya nani. Tundika nguo kwenye henga ukutani, inatosha. Tazama pia kilichopo kwenye picha: beji ya shule, namba ya nyumba, jina lililoandikwa kwenye kola. Kongo ina Kanuni ya Kidijitali tangu Machi 2023, inayogusa biashara ya mtandaoni na habari binafsi za watu, kwa hiyo usidhani unachofanya kwenye simu hakina sheria. Namba za wateja wako nazo usizitoe kwa mtu.

Kazi yenyewe naipenda, na inafaa mtu asiye na mtaji, kwa sababu hununui kitu. Chagua umri mmoja tu mwanzoni, tuseme miaka 2 hadi 4, ujulikane kwa huo. Daftari moja: nguo, mwenyewe, bei, imeuzwa lini, amelipwa lini. Mlipe mwenye nguo siku hiyo hiyo nguo inapouzwa, hata kama ni faranga 2.000. Makabidhiano yaweke Jumamosi zote kwa pamoja, la sivyo nauli na megabaiti zitameza ulichokata. Soma kwanza, uza baadaye. Mitihani haina msimu wa pili wa kupatana bei.

"Nilinunua furushi la nguo za mtoto mchanga kwa mama mwenzangu. Baada ya siku chache mtoto akatoka majipu mgongoni, kila moja lina kitundu katikati. Muuguzi akatoa funza. Watu wanasema ni mitumba ya Ulaya." Mama wa Ruashi.

Funza huyo ni mtoto wa inzi, na Ulaya haina inzi huyo. Ni wa kwetu, anaishi Afrika kusini mwa Sahara, na hutaga mayai kwenye nguo yenye unyevu iliyoanikwa kivulini au kulazwa juu ya nyasi na mchanga. Mayai hayaonekani kwa urahisi. Baada ya kama siku tatu yanaanguliwa, na kijifunza kikigusa ngozi yenye joto kinapenya. Mama aliyekuuzia hakukuletea ugonjwa kwa makusudi; inawezekana aliifua nguo vizuri, akaianika vibaya kwenye siku ya mawingu.

Dawa yake ni pasi ya moto, pande zote mbili, na zaidi kwenye mishono na lastiki ambako unyevu unakaa. Umeme ukikatika, pasi ya makaa inafanya kazi hiyo hiyo. Nepi, shuka la kitandani na kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni visisahauliwe. Nguo isiyovumilia pasi ikaushe kabisa ndani ya nyumba na uiweke zaidi ya wiki mbili kabla ya kuivalisha. Kijifunza kisichopata ngozi kitakufa. Jipu likitokea usilikamue likiwa changa. Lipake vaselini nene, funza anakosa hewa na kujitokeza, kisha muuguzi amtoe mzima. Kwa mtoto mchanga nenda kituo cha afya moja kwa moja, kama ulivyofanya. Na ninyi mnaouza: pigeni pasi kabla ya kufunga furushi. Anayesema ataipiga mnunuzi hajawahi kumwona mtoto wa wiki tatu akilia usiku kwa majipu.

"Viatu vya watoto vinauzika? Na sare za shule?" Mama wa Makutano.

Viatu vilivyovaliwa sana, hapana. Vimekwisha kushika umbo la mguu wa mtoto wa kwanza na vitamkunja wa pili. Geuza soli: kama imelika upande mmoja, usiuze wala usigawe. Viatu vya sherehe vilivyovaliwa Krismasi na ubatizo tu, hivyo uza bila wasiwasi.

Sare ni biashara nzuri kuliko zote nilizotaja, na muda wake ni mfupi. Masomo yanaanza Septemba, kwa hiyo wazazi wanatafuta kuanzia mwanzo wa Agosti; ukingoja wiki ya mwisho utakuta wameshapeleka kitambaa kwa fundi. Sketi na suruali za bluu zinatembea kutoka shule hadi shule. Shati jeupe liloweke mapema, vumbi letu jekundu kwenye kola halitoki kwa siku moja. Tazama pindo la chini la suruali: kama kuna kitambaa kilichokunjwa ndani, mwambie mnunuzi ni sentimita ngapi anaweza kushusha, kwa maana hiyo ni nusu mwaka mwingine wa kuvaa na ni haki yako kuilipwa. Beji ya shule iondoe kabla ya kupiga picha. Tumia wembe kwa upande wa ndani, ukate mshono mmoja mmoja, usivute. Tetroni ikishatoboka haizibiki.